Msaidizi wa Muuguzi: Kazi Yake na Mwenendo Umpasao

Mtu akilazwa hospitali, jamaa zake huuliza kwanza habari za daktari. Je, daktari amekuja? Amesema nini? Hapana ubaya kuuliza hivyo, maana daktari ndiye atambuaye ugonjwa na kuagiza dawa. Walakini daktari hupita tu wodini. Husimama kando ya kitanda dakika chache, kisha huenda kwa mgonjwa mwingine. Muuguzi mwenye cheti naye ana wagonjwa wengi, ana sindano za kupiga na vitabu vya kuandika. Mtu amwoshaye mgonjwa, amgeuzaye kitandani, amlishaye uji, na kumletea chombo cha kujisaidia usiku wa manane, mara nyingi si daktari wala si muuguzi huyo. Ni msaidizi wa muuguzi, na habari zake ndizo tunazotaka kuzieleza hapa.

Sababu ya kuzieleza ni kwamba siku hizi vyuo vingi vinawafundisha vijana kazi hii, na wazazi wengi huombwa karo. Mzazi anayefikiri kuuza ng'ombe ili mwanawe ajifunze kazi ana haki ya kujua kazi yenyewe ni nini, inamtaka mtu wa tabia gani, na mwisho wake ni wapi. Tena hata yule asiye na mtoto wa kusomesha, yeye mwenyewe iko siku atalala kitandani, na mikono itakayomgeuza itakuwa ya msaidizi.

Wazee wa nchi hii hawakumjua mtu huyu kwa jina la leo. Zamani za ukoloni walimwita dresa. Chuo cha mafunzo ya utabibu kilianzishwa Nairobi mwaka 1927, na hospitali ile iliyoanza mwaka 1901 kuwa hospitali ya wenyeji, ikapewa jina la Mfalme George wa Sita mwaka 1952, na baada ya Uhuru ikaitwa Kenyatta, ilikuwa na vijana wengi wa namna hiyo. Dresa aliosha vidonda, alifunga bendeji, alitoa dawa alizoagizwa, tena alikuwa mkalimani, maana mganga Mzungu hakujua lugha ya mgonjwa. Katika zahanati za mbali dresa alikuwa peke yake, na watu wote wakamwita daktari. Heshima hiyo ilikuwa tamu, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Wengine waliporudi kwao walichukua bomba la sindano, wakawa waganga wa kijiji, wakampiga sindano kila mwenye shilingi. Walipona waliopona, na waliopata majipu wakanyamaza.

Jambo hilo halikwisha pamoja na ukoloni. Hata leo kijana akionekana katika gari la abiria amevaa koti jeupe au sare ya buluu, kijiji kizima kitamwita daktari kabla hajafika nyumbani. Jirani atabisha hodi saa nne ya usiku: "Daktari, mtoto anachemka, mpige sindano." Jawabu limpasalo msaidizi ni fupi: "Mimi si daktari, mama. Ngoja nichukue tochi, twende zahanati." Jawabu hilo ni gumu kutamka mbele ya watu waliokuwa wakikusifu muda mfupi uliopita, lakini mtu asiyeweza kulitamka hafai kwa kazi hii, hata kama amefaulu mitihani yote.

Mipaka ya kazi, kwa jumla, ndiyo hii. Msaidizi humwogesha mgonjwa, humtandikia kitanda, humlisha, humsaidia kutembea, hupima joto la mwili, mapigo ya mshipa, pumzi na uzito, hupima maji yaingiayo na mkojo utokao, na hutoa habari. Hatambui ugonjwa, haagizi dawa, habadili kiasi cha dawa, wala hapigi sindano. Kazi aifanyayo amekabidhiwa na muuguzi aliyesajiliwa, na muuguzi hubaki na wajibu wa kujua kama kazi hiyo yafaa kukabidhiwa, kama mtu huyu amefundishwa kuifanya, na kama ameelezwa vema. Msaidizi akiagizwa jambo asilofundishwa, yampasa aseme, "Hili sikufundishwa." Kusema hivyo si uvivu wala si kiburi. Muuguzi mwenye busara humshukuru asemaye hivyo, maana mtu wa kuogopwa ni yule anayenyamaza na kujaribu.

Ukitazama orodha hiyo ya kazi waweza kudhani ni kazi ya mikono tu. Sivyo. Ndani yake mna kazi moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni kuona na kusema kweli juu ya kile kilichoonekana. Daktari huamua kwa kutazama chati iliyotundikwa kitandani. Chati hiyo ikiwa ya uongo, elimu yake yote ya miaka mingi imejengwa juu ya mchanga.

Chukua mfano wa pumzi. Mtu mzima aliye na afya, akiwa ametulia, hupumua kiasi cha mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kuhesabu pumzi hakuhitaji chombo ila saa, na pumzi ni moja ya dalili zibadilikazo mapema mtu anapozidiwa, pengine kabla joto halijapanda na kabla mgonjwa mwenyewe hajalalamika. Hata hivyo hakuna kipimo kinachopuuzwa kama hiki. Msaidizi aliyechoka hutazama kifua kidogo, akaandika 20. Na kwa kitanda cha pili 20, na cha tatu 20. Msomaji apataye nafasi ya kuona chati ya wodi na azitazame namba hizo. Wagonjwa 30 hawawezi kupumua sawasawa kana kwamba ni kwaya.

Kwa watoto jambo hili ni la kufa na kupona. Mtoto mwenye kikohozi aliye wa miezi 2 mpaka hajatimiza mwaka, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, na mtoto wa mwaka 1 mpaka hajatimiza 5 akipumua mara 40 au zaidi, huhesabiwa kuwa na pumzi ya haraka, nayo ni dalili ya nimonia. Yapasa kuhesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Kuhesabu robo ya dakika na kuzidisha mara nne ni kuokoa sekunde 45 na kuhatarisha mtoto, kwa sababu kosa la pumzi mbili huwa kosa la pumzi nane.

Mkojo nao hudharauliwa, maana hakuna apendaye kuupima. Lakini mtu mzima wa kilo 60 aliye mgonjwa sana hutazamiwa kutoa angalau mililita 30 hivi kwa saa. Akipungukiwa na kiasi hicho saa baada ya saa, huenda damu haifiki vizuri kwenye figo, na daktari ataka kujua usiku ule ule. Mimina mkojo bila kupima, kisha kadiria asubuhi, na habari hiyo imepotea.

Kisha kuna vidonda vya kulalia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja muda mrefu, uzito wake huiminya ngozi juu ya mfupa, damu isipite, nyama ikaanza kufa. Mahali pa hatari ni mwisho wa uti wa mgongo, nyonga na visigino. Desturi ya wodi nyingi ni kumgeuza kila saa 2. Hapa msaidizi wa Kiafrika ana jambo la kuangalia ambalo vitabu vingi vya Ulaya havikulieleza vizuri. Vitabu hivyo husema kidonda huanza kwa ngozi kuwa nyekundu. Lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu huo huweza usionekane kabisa. Basi na aguse kwa mkono wake: je, mahali pale pana joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, au pamelainika, au rangi yake imezidi kuwa nyeusi au ya zambarau? Je, mgonjwa anashtuka akiguswa hapo? Akingoja mpaka aone wekundu, atakachoona kwanza ni shimo.

Tumesema msaidizi ni jicho la wodi. Pia ni mlinzi wa jina la mgonjwa. Mwezi wa Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa alipasuliwa kichwa asiyestahili kupasuliwa. Wagonjwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ndani ya ubongo. Mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Vitambulisho vyao vilikuwa vimechanganyika. Madaktari walifanya kazi saa kadhaa, wakaitafuta damu iliyoganda wasiione, ndipo walipotambua. Hatusemi kwamba kosa hilo lilikuwa la msaidizi, wala hatujui wodi yoyote duniani ambayo haiwezi kupatwa na jambo kama hilo. Twasema ya kwamba mgonjwa hupita katika mikono mingi kati ya kitanda na chumba cha upasuaji, na kila mkono una nafasi ya kuuliza. Tena kuna namna ya kuuliza. Ukimwambia mgonjwa mwenye homa, "Wewe ndiwe Kamau?" ataitikia, "Ndiyo," maana mgonjwa huitikia lolote. Mwulize, "Jina lako nani, na la baba yako nani?" kisha soma kitambulisho cha mkononi. Asiyeweza kusema, waulize jamaa zake.

Sasa tuje kwenye mwenendo wenyewe, yaani adabu. Katika desturi zetu kumvua nguo mtu mzima si jambo jepesi. Msichana wa miaka 22 huambiwa amwogeshe mzee aliye wa umri wa babu yake, na mzee huyo hajapata kuonwa uchi na mtoto tangu alipotahiriwa. Kanuni za darasani husema: vuta pazia, funika sehemu usiyoiosha, eleza utakalofanya kabla ya kulifanya, ngoja akubali. Kanuni hizo ni nzuri na huku kwetu zina uzito zaidi. Mwite "Mzee" au "Baba," au kwa jina lake, usimwite "kitanda namba nne." Na ikiwa mgonjwa ni mkweo, au mtu ambaye desturi yakukataza kumtazama hivyo, mwambie muuguzi mapema, abadilishe zamu. Wako wasimamizi wanaocheka maombi kama hayo na kuyaita mambo ya kizamani. Kwa maoni yetu hawafanyi vema. Mzee aliyefedheheshwa hukataa kuogeshwa siku ya pili, hunyamaza na maumivu yake, na wodi hukosa kujua alichotaka kusema.

Maana wagonjwa husema na msaidizi mambo wasiyomwambia daktari. Daktari akiuliza, "Unakunywa dawa?" mgonjwa hujibu, "Ndiyo, daktari." Jioni humnong'oneza msaidizi, kwa lugha ya nyumbani, ya kuwa vidonge vimefichwa chini ya mto kwa sababu vinamchafua tumbo. Habari hiyo yapasa kufika kwa muuguzi kabla ya zamu kwisha. Si kumchongea mgonjwa, ni kumsaidia. Mweleze tu waziwazi: "Mama, hili itanibidi nimwambie Sista, wakubadilishie."

Lakini njia hiyo inafika kwa watu wanaomtibu tu, haifiki sokoni. Msaidizi aliyemwona jirani yake wodini hana ruhusa ya kulisema kanisani, wala msikitini, wala katika simu. Kwa habari za virusi vya ukimwi sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza waziwazi kutoa habari za mtu bila idhini yake, ila kwa njia chache zilizotajwa na sheria. Tuongeze picha. Kijana mwenye simu hupenda kujipiga picha akiwa amevaa sare, na nyuma yake mgonjwa amelala mdomo wazi. Picha hiyo hufika kijijini kabla ya habari za ugonjwa.

Juu ya chai tutasema machache. Mgonjwa asiye na kitu akiona ya kwamba mwenzake aliyetoa shilingi mia mbili ndiye anayebadilishiwa shuka kwanza, amejifunza somo ambalo hospitali haitaweza kumsahaulisha. Ndizi za kushukuru siku ya kutoka ni jambo jingine, na hizo ziwekwe mezani zigawiwe kwa wote.

Usafi wa mikono nao kila mtu aujua: kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake, hata kama ulivaa glavu.

Twaweza kudhani kwamba nchi tajiri hazina shida ya mambo haya. Kati ya mwaka 2005 na 2009 hospitali ya mji wa Stafford, Uingereza, iliwatendea wagonjwa wake vibaya sana. Mwanasheria Robert Francis alichunguza, na taarifa yake ya Februari 2013 ilieleza habari za wagonjwa walioachwa katika shuka chafu na wengine waliowekewa maji mahali wasipoweza kufikia. Msomaji aangalie sababu, maana zina funzo kwa hospitali zetu. Wakubwa walitaka kupunguza gharama na kutimiza hesabu walizowekewa. Wafanyakazi walikuwa wachache mno. Na waliosema hawakusikilizwa. Mwezi Julai mwaka huo huo Camilla Cavendish alitoa taarifa nyingine juu ya wasaidizi wa hospitali na wa nyumba za malezi, akaonyesha ya kwamba watu zaidi ya milioni 1.3 wasio wauguzi waliosajiliwa ndio walioshika sehemu kubwa ya kazi ya mikono, na hapakuwa na kiwango kimoja cha mafunzo kwa wote. Kutokana na hayo cheti cha malezi chenye masharti 15 kilianza Aprili 2015. Marekani ilikuwa imetangulia: sheria ya mwaka 1987 ilidai wasaidizi wa nyumba za wazee wapate mafunzo ya saa 75 angalau, na 16 katika hizo ziwe za vitendo chini ya msimamizi, na majina yao yaandikwe katika daftari ambalo hutaja pia aliyethibitika kumpiga mgonjwa au kumwibia.

Twataja Stafford kwa sababu si haki kumtwika msaidizi lawama zote. Mtu mmoja akipewa vitanda 40 usiku, na vingine vimelaliwa na wagonjwa wawili wawili, chati itasema uongo hata kama yeye mwenyewe hakupenda. Hapo wajibu wake ni kusema, na kuandika: "Sikupima, wagonjwa walikuwa wengi." Pengo lililoandikwa humwonyesha msimamizi upungufu, namba ya kubuni huuficha. Nao wakubwa wa wodi wana mwenendo uwapasao. Muuguzi amkemeaye msaidizi mbele ya wagonjwa kwa kuleta habari ambayo haikuwa na maana, hataletewa habari siku itakapokuwa na maana. Tumeona wodi ambako msaidizi hasimami pamoja na wengine zamu zinapokabidhiwa asubuhi, eti hiyo ni kazi ya wenye vyeti. Huyo ndiye aliyekaa na wagonjwa usiku kucha.

Sasa turudi kwa yule mzazi mwenye ng'ombe. Vyuo vingine huvuta watu kwa ahadi ya ng'ambo. Ni kweli kwamba Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano juu ya wafanyakazi wa afya. Lakini ni kweli pia kwamba tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga njia ya kuwaajiri watumishi wapya wa malezi kutoka nchi za nje. Basi anayeambiwa ya kwamba karo hii ni nauli ya ndege, na aulize sheria ya mwaka huu inasemaje, wala asitosheke na picha za waliokwenda zamani.

Chuo chenyewe kiwe kimesajiliwa na mamlaka ya vyuo vya ufundi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Mkuu wa chuo atoe hati ya usajili, mzazi aisome. Kisha aulize ni hospitali gani itawapokea wanafunzi kwa mazoezi, kwa wiki ngapi, na ni muuguzi yupi atakayewasimamia. Aombe kuona chumba cha mafunzo. Pakiwa na kitanda, shuka, beseni, kipima joto na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, na amwite mwanafunzi mmoja yeyote amwombe amhesabie pumzi zake. Akiona kijana ametazama saa dakika nzima kabla ya kujibu, amekwisha kupata habari moja ya chuo hicho ambayo haiandikwi katika matangazo.